Ukiambiwa "usicheke": mkao wa mwili unasema nini kwenye picha?

Ujumbe ulioingia kwenye simu ya studio wiki hii ulitoka kwa mama mmoja mkulima, mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wageni wa shirika fulani walifika kijijini kwao siku ambayo wenyewe walikuwa wanavunja kikoba. Pesa ziko mezani, akina mama wamevaa sare za kitenge, vicheko tele. Mpiga picha akamwomba asogee pembeni, akae chini karibu na ukuta wa nyumba, asicheke, asiwatazame wenzake. Miezi kadhaa baadaye mtoto wa dada yake aliyeko mjini akamtumia picha hiyo kwa WhatsApp. Yumo peke yake, ameshika tama, na juu ya kichwa chake kuna maneno ya Kiingereza yanayoomba mchango. Mama haulizi habari za pesa. Anauliza kwa nini aliambiwa asicheke.

Nilisoma ujumbe huo hewani na simu zikaanza kuingia. Jibu lake halienei katika dakika tatu zilizo kati ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, ndiyo maana naliandika hapa. Picha hatukuweka, ili ukurasa huu usimalize bando lako. Kila picha nitakayoitaja nitakueleza ilivyo.

Mwili unaongea

Tuanze na Kiswahili chetu wenyewe. Mtu akilaza shavu kwenye kiganja hatusemi ameweka mkono shavuni. Tunasema ameshika tama, na hapo hapo tumeshasema kwamba ana huzuni au anawaza jambo zito. Mikono miwili juu ya kichwa ni msiba au hasara. Aliyekunja nne ametulia, pengine anajiona. Aliyejishika kiuno anatafuta maneno. Aliyejikunyata ana baridi, ana homa, au ana hofu. Hakuna aliyetufundisha haya darasani. Mtoto wa miaka minne anajua baba amerudi na hali gani kwa kumwona tu anavyoingia uani.

Mpiga picha anayejua kazi yake anatumia lugha hii hii. Nenda kwa fundi cherehani yeyote, utazame lile bango la mishono lililobandikwa ukutani. Dada aliyevaa kitenge amesimama mguu mmoja mbele, uzito wote ameuweka mguu wa nyuma, mkono kiunoni, kidevu kimeinuka kidogo, macho yanatazama pembeni. Mkono kiunoni unaonyesha kiuno cha gauni kilivyokaa, hiyo ni kazi ya fundi. Lakini kidevu na macho ni kazi nyingine. Vinasema: mimi nimefika, sikuhitaji. Na wewe uliyesimama pale na kitenge chako mkononi unaanza kutamani gauni lile, kumbe unachotamani ni ule utulivu wa dada aliyelivaa. Mwambie dada huyo huyo, na gauni hilo hilo, akae kwenye kigoda, ainamishe kichwa na kukumbatia magoti. Gauni halijabadilika hata uzi. Hakuna atakayelishona.

Wazee wetu walilijua hili vizuri kuliko tunavyowadhania. Zitazame picha za zamani za studio, zile zilizopigwa Zanzibar, Mombasa, Tanga au Mwanza. Watu wamesimama wima kama nguzo, hawacheki, mkono uko begani kwa mwenzake au juu ya meza yenye maua, viatu vinaonekana vyote viwili. Vijana wa leo wanasema wazee walikuwa wakali. Hapana. Kwenda studio ilikuwa siku kubwa, na mkao ule ulikuwa na ujumbe kwa jamaa walioko mbali: tuko salama, tuna heshima zetu, tuna viatu. Pale Mji Mkongwe wa Unguja, Capital Art Studio ilianza kazi mwaka 1930, na picha zake za miaka hiyo zinaonyesha watu waliojipanga wenyewe wanavyotaka kuonekana.

Hapo ndipo penye jambo la kushika. Kwenye studio, aliyelipa ndiye aliyekuwa ndani ya picha, na ndiye aliyechagua mkao. Kwa mama aliyetuandikia, anayelipa yuko nchi nyingine, na mkao umechaguliwa kwa ajili yake.

Kamera iko juu au iko chini?

Mkao haufanyi kazi peke yake. Kuna swali la kamera imewekwa wapi.

Kumbuka mabango ya wagombea, ya chama chochote kile. Mara nyingi mpiga picha ameinama kidogo, kamera inamtazama mgombea kutoka chini kwenda juu. Wewe mpiga kura unakuwa kama mtoto anayemtazama mtu mzima. Macho ya mgombea hayakutazami wewe, yanapita juu ya kichwa chako kwenda mbali, kana kwamba kule anakotazama kuna barabara ya lami ambayo wewe bado hujaiona. Bango maarufu la Barack Obama la mwaka 2008, lile la rangi nyekundu na bluu lililochorwa na Shepard Fairey, lilifanya hivyo hivyo: uso umeinuka, macho yanatazama mbali, na chini neno moja tu lenye maana ya tumaini. Lilichorwa kutokana na picha ya kawaida ya mwandishi wa habari, iliyopigwa Obama akiwa ameketi kwenye mkutano. Zilikuwepo picha zake nyingine nyingi. Ule uso ulioinuka ndio uliochaguliwa.

Sasa geuza. Kamera iwe juu, mtu awe amekaa chini, macho yake yainuke kuifuata kamera. Hata angekuwa mwenyekiti wa kijiji, ataonekana anaomba. Ukimwondolea watu walio karibu naye, ataonekana hana mtu. Ukimwondolea jembe, cherehani au daftari la kikundi, ataonekana hana kazi. Hujasema uongo wowote kwa mdomo, kwani mtu ni yule yule, kijiji ni kile kile, na vumbi ni la kweli kabisa.

Mama wa California aliyeshika tama

Picha inayojulikana kuliko zote ya mtu aliyeshika tama haikupigwa Afrika. Ilipigwa Nipomo, California, Marekani, Machi 1936, wakati uchumi wa nchi ile ulipoanguka na maelfu ya wakulima wakawa vibarua wa kuhamahama. Mpiga picha, Dorothea Lange, alikuwa ameajiriwa na serikali kuonyesha hali za watu hao. Aliiona kambi ya wavunaji wa njegere ambao mazao yao yalikuwa yameharibika, akasimama, akampiga picha mama mmoja aliyekuwa na wanae chini ya turubai.

Picha hiyo inaitwa "Migrant Mother", yaani mama mhamaji. Mama ameketi katikati, vidole vya mkono wa kulia vimegusa shavu, paji la uso limekunjamana, macho yanatazama mbali, kando ya kamera. Watoto wawili wamemwegemea mabegani, lakini wamegeuza nyuso, tunaona visogo vyao tu. Mtoto mchanga amelala mapajani. Kwa kuwa watoto hawatutazami, macho yetu hayana pa kwenda isipokuwa usoni kwa mama.

Lange alipiga picha kadhaa siku ile, na zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukizitazama kwa pamoja unaona kazi ilivyofanyika. Ya mwanzo imepigwa kwa mbali: turubai linaonekana lote, vyombo vya familia vipo, na binti mkubwa ameketi kwenye kiti. Hapo ni familia inayosubiri. Kamera ikasogea, ikasogea tena. Binti hayumo tena, kiti hakimo. Katika ile ya mwisho amebaki mama, watoto watatu na huzuni. Baadaye Lange alifuta hata kidole gumba kilichokuwa kimeshika mti wa turubai pembeni ya picha, kwa sababu kilikuwa kinavuta jicho.

Picha ilichapishwa, na chakula cha msaada kikapelekwa kambini. Familia ile ilikuwa imeshaondoka.

Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa miaka zaidi ya 40, kwa sababu Lange hakuliuliza. Alipojitokeza mwaka 1978 alikuwa na malalamiko. Alisema hakupata hata senti kutokana na picha ile, na alitamani isingepigwa. Watu pia wakagundua kwamba yeye alikuwa wa kabila la Cherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, wakati kwa miaka yote hiyo alikuwa amesimama badala ya mkulima mzungu maskini. Mkono mmoja shavuni ulikuwa umemeza habari zote nyingine za maisha yake.

Nimeitaja kwa urefu kwa sababu baadhi ya wasikilizaji waliopiga simu walisema hili ni suala la wazungu na Waafrika. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na tunafika huko sasa hivi. Lakini mashine yenyewe ni ya zamani, na imewahi kumsaga hata maskini wa Marekani ndani ya nchi yake.

Ethiopia 1984 na mfano uliobaki

Kwetu Afrika Mashariki, mtu wa kumtaja ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na hapo ndipo alipoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963. Tarehe 23 Oktoba 1984, BBC ilionyesha filamu aliyoipiga kaskazini mwa Ethiopia, mtangazaji akiwa Michael Buerk. Ilikuwa njaa kali kweli kweli. Watu walikuwa wamelala chini kwa sababu hawakuweza kusimama, si kwa sababu kuna mtu aliwaambia walale. Wanamuziki wa Uingereza wakarekodi wimbo wa Band Aid mwaka huo huo, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia na kukusanya mamilioni. Picha ziliokoa watu. Mimi simlaumu Amin hata kidogo, na sipendi mjadala unaomfanya mkosaji.

Tatizo lilikuja baadaye. Mashirika yaliona kwamba mtoto aliyelala, macho makubwa, inzi usoni, mkono wa mama kichwani, huleta pesa. Mkao ule ukawa mfano wa kunakiliwa. Ukaanza kutumika mahali ambapo hapana njaa: kwenye tangazo la kisima, la madaftari, la vyandarua. Mkao uliozaliwa na msiba ukageuka kuwa sare ya bara zima.

Na mtu aliyeko ndani ya picha hubaki amegandishwa. Mmoja wa watoto waliorekodiwa mwaka ule na televisheni ya Kanada akiwa taabani anaitwa Birhan Woldu. Uso wake ulionyeshwa kwenye Live Aid. Watu walidhani amekufa. Tarehe 2 Julai 2005, kwenye tamasha la Live 8 mjini London, alipanda jukwaani mwenyewe, msichana mzima, amesimama wima mbele ya umati. Ukiuliza leo ni picha gani kati ya hizo mbili imetumika zaidi kuiwakilisha Ethiopia, sidhani kama unahitaji kubahatisha.

Mashirika ya misaada ya Ulaya yalilitambua tatizo mapema. Mwaka 1989 muungano wao ulipitisha kanuni za maadili ya picha, zikitaka watu waonyeshwe kwa utu wao na si kama watu wasio na uwezo. Kanuni zipo, lakini kamera zimeendelea. Februari 2019 mtangazaji wa Uingereza Stacey Dooley, akiwa Uganda kwa kazi ya shirika la Comic Relief, aliweka Instagram picha amempakata mtoto. Mbunge David Lammy alimkosoa hadharani, akasema dunia haihitaji tena wazungu waokozi. Wengi walimtetea Dooley kwamba alikuwa na nia njema, na sina sababu ya kubisha. Lakini mkao hausomi nia. Katika mkao ule, mgeni ndiye mtu na mtoto ndiye mzigo. Mwaka uliofuata Comic Relief ilitangaza kwamba haitatuma tena watu mashuhuri Afrika kwa ajili ya filamu za kuomba michango, na kwamba itawatumia zaidi watengenezaji filamu wa Afrika.

Tabasamu nalo huagizwa

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasikilizaji wachache watalipenda. Picha ya huzuni si uongo kila mara, na picha ya furaha si ukweli kila mara.

Sote tunaijua picha ya uzinduzi wa maji. Mgeni rasmi amefungua bomba, maji yanaruka, akina mama wamejipanga nyuma wanapiga makofi, na mmoja anatwishwa ndoo na mgeni mwenyewe huku wote wawili wakitazama kamera. Mkao huu una maana yake: mkono wa mkubwa uko juu ya ndoo, kwa hiyo maji yametoka mkononi mwake. Kodi ya mama huyo haionekani kwenye picha. Wala haionekani kama bomba litatoa maji wiki ijayo. Mara ngapi tumepigiwa simu studio na watu wa kijiji ambacho picha yake ya uzinduzi bado inazunguka mitandaoni, wakituambia koki imekauka?

Pale napo kuna mtu alisema "chekeni".

Na kinyume chake: ng'ombe wa mfugaji wakifa kwa ukame, akasimama katikati ya mizoga mikono kichwani, ile si picha ya kumdhalilisha. Ni kilio chake, na ana haki kionekane. Wapo viongozi wanaotumia neno "kudhalilisha" kuzuia picha za shida zisitoke. Kwa hiyo kuhesabu tabasamu na machozi hakutufikishi mbali. Kinachosaidia ni kujua mkao ule umetoka kwa nani: kwa mtu mwenyewe na jambo lililompata, au kwa aliyeshika kamera na anayemlipa.

Nitakupa njia ndogo ya kupima, ninayoitumia mwenyewe ninapochagua picha za tovuti hii. Jiulize sekunde moja kabla ya picha ile kupigwa, mtu huyo alikuwa anafanya nini. Kama alikuwa analima na anaonekana analima, sawa. Kama alikuwa analia na anaonekana analia, sawa. Kama alikuwa anahesabu gawio la kikoba na anaonekana ameshika tama ukutani, basi kuna mkono wa mtu mwingine pale, hata kama hauonekani.

Sasa mashine nayo imejifunza

Mambo yamegeuka tena miaka hii miwili mitatu, kwa sababu ya akili mnemba. Hizi ni programu unazoziandikia maneno, nazo zinakutengenezea picha inayofanana na ya kamera, ya mtu ambaye hayupo duniani.

Zinajifunza kwa kulishwa mamilioni ya picha zilizopo. Na zilizopo ni zipi? Ni zile zile. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Arsenii Alenichev, walieleza katika jarida la The Lancet Global Health jaribio walilofanya. Waliiomba programu iwatengenezee picha ya madaktari Waafrika weusi wakiwahudumia watoto wa kizungu wagonjwa. Walijaribu mara nyingi, wakapata picha zaidi ya 300. Karibu kila mara programu ilimweka mtoto mweusi kwenye nafasi ya mgonjwa, hata pale ilipokubali daktari awe mweusi. Nafasi ya anayepokea ilikuwa imeshapewa mwenyewe.

Oktoba 2025 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba picha za namna hii za umaskini, zilizotengenezwa na mashine, zinauzwa kwenye maghala ya picha ya mtandaoni, na kwamba Alenichev amekusanya zaidi ya 100 zilizotumiwa na mashirika au watu binafsi katika kampeni. Watoto wamejikunyata pamoja kwenye maji ya matope. Msichana wa Kiafrika amevaa gauni la harusi, chozi shavuni. Sababu ya kuzitumia ni rahisi kuielewa: ni bei nafuu, na hakuna mtu wa kumwomba ridhaa.

Msikilizaji mmoja aliyepiga simu alisema afadhali iwe hivyo, mashine zipigwe picha na sisi tuachwe. Nilimwelewa. Lakini uso ukiwa wa mashine, jina la mahali linabaki kuwa letu. Mfadhili aliyeko mbali hatajua kwamba mtoto yule hayupo. Atajua tu kwamba watu wa huku hukaa hivyo, chini, wameshika magoti. Halafu picha hiyo nayo inaingia mtandaoni, na mashine ya kesho inajifunza kutoka kwake.

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp matokeo yameshafika. Picha ya mtoto mgonjwa kitandani, mama ameinama, chini yake namba ya simu ya kutuma pesa. Zamani matapeli walilazimika kuiba picha ya mtu halisi. Sasa wanaagiza. Ukipata picha ya namna hiyo, tazama vidole, tazama maandishi ya ukutani au kwenye nguo, maana mashine bado hukosea hapo mara kwa mara, ingawa makosa yanapungua kila mwezi. Usalama zaidi ni kupiga simu: hospitali gani, wodi gani, nani jirani wa kuthibitisha. Picha inayokubana koo kabla hujajua jina la mtu imepangwa na mtu anayejua koo lako liko wapi.

Sheria inakupa nini

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Chini ya sheria hii, taarifa zinazomtambulisha mtu hazikusanywi kiholela, na sura yako inakutambulisha kuliko hata jina. Anayekusanya anapaswa kukueleza anakusanya kwa kazi gani. Taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji uangalizi mkubwa zaidi na ridhaa ya maandishi. Ukiona umekosewa unaweza kulalamika kwa Tume. Sheria ina misamaha yake, kwa hiyo si kila picha iliyopigwa barabarani ni kosa.

Kenya wametutangulia kwa kuonyesha makali. Sheria yao ni ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Klabu moja ya starehe nayo ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ruhusa.

Kijijini mambo hayaanzi na Tume. Yanaanza pale mgeni anapotoa kamera na wewe unaona haya kumkatalia, maana ameletwa na mtendaji wa kijiji, na huenda msaada umo kwenye begi lake. Hiyo haya ndiyo inayotumika. Unaweza kumuuliza kwa adabu kabisa picha inakwenda wapi na itaandikwa nini. Unaweza kuomba akuonyeshe kwenye kioo cha kamera kabla hajaondoka, na akiwa na nyingi umwambie ipi hutaki. Unaweza kusema utapigwa ukiwa umesimama, au ukiwa na wenzako, au ukiwa na kazi yako mkononi. Karatasi ya ridhaa ikiwa ya Kiingereza, mwambie aisome kwa Kiswahili mbele ya mtu unayemwamini, na ubaki na nakala au uipige picha kwa simu yako. Andika jina la mgeni na la shirika lake. Mama aliyetuandikia hakuwa na jina lolote, na hilo ndilo linalofanya kazi ya kuifuatilia picha yake iwe ngumu.

Na usisaini ukiwa kwenye foleni ya kupokea kitu. Msaada na picha ni mambo mawili. Mtu anayeviunganisha, mwulize mbele za watu kama usiposaini utakosa gunia. Utaona uso wake utakavyokaa.

Alhamisi saa 1 usiku tutakuwa na mwanasheria studio kuzungumzia hasa utaratibu wa kulalamika na namna ya kuomba picha iondolewe mtandaoni. Kama una picha yako iliyotumika bila wewe kujua, tutumie ujumbe kwa namba ile ile ya studio, ueleze ilipigwa lini, wapi, na wakati ule ulikuwa unafanya nini. Picha yenyewe usitutumie kwanza.